Ndoto za Ajabu Wakati wa Kutumia Dawa Kali za Maumivu

Somo la familia kwa wakazi wa Riyadh na Jeddah wanaozungumza Kiswahili

Mgonjwa anayeruhusiwa kutoka hospitali akiwa na kasha la dawa kali za maumivu huelezwa mambo mengi kwa muda mfupi: anywe dawa saa ngapi, asiendeshe gari, ale mboga na anywe maji ili choo kisifunge. Jambo moja husahaulika mara kwa mara, nalo ni usiku. Baada ya siku mbili au tatu mgonjwa huanza kuota ndoto ndefu, zenye rangi kali na watu waliokwisha kufariki, au ndoto za kufukuzwa, kuzama na kuanguka. Huamka akitokwa na jasho, asijue kama yaliyotokea yalikuwa kweli au usingizi. Asubuhi huona haya kusema, na familia yake hudhani amepatwa na jambo jingine.

Ndoto za namna hii zinajulikana na madaktari, na mara nyingi zina tiba nyepesi. Ndoto peke yake haimdhuru mtu. Madhara makubwa hutokana na maamuzi yanayofanywa kwa sababu yake. Mmoja huacha dawa ghafla, mwingine huongeza vidonge vya usingizi alivyopewa na jirani, na wa tatu hunyamaza mpaka hali yake ikawa ya hatari. Somo hili linaeleza kwa nini ndoto hizi hutokea, namna ya kuzitofautisha na dalili za hatari, na hatua ambazo familia inaweza kuchukua.

1. Dawa zinazozungumziwa

Dawa kali za maumivu zinazohusika hapa ni zile za jamii ya afyuni, ambayo wazee wa pwani waliiita kasumba. Miongoni mwake ni mofini, kodeini, tramadoli, oksikodoni na fentanili. Kwenye kasha majina hayo husomeka Morphine, Codeine, Tramadol, Oxycodone na Fentanyl. Hutolewa baada ya upasuaji, kwa maumivu ya saratani, kwa mifupa iliyovunjika, na kwa wagonjwa wa selimundu wanaposhikwa na maumivu makali. Panadol na dawa nyingine za parasetamoli peke yake hazimo katika jamii hii, wala ibuprofeni haimo.

Uhusiano wa dawa hizi na ndoto umo hata katika jina. Mwanzoni mwa karne ya 19 mfamasia Mjerumani, Friedrich Sertürner, alitenga kemikali iliyokuwa na nguvu ya afyuni, akaipa jina kutokana na Morpheus, mungu wa ndoto katika hadithi za Wagiriki wa kale. Dawa hiyo ndiyo mofini ya leo.

Kutumia mofini kwa amri ya daktari si fedheha wala si ishara kwamba mgonjwa amekata tamaa ya maisha. Nchini Uganda, shirika la Hospice Africa lililoanzishwa mwaka 1993 na daktari Anne Merriman limewapa wagonjwa wengi mofini ya maji ya kunywa wakiwa nyumbani kwao, ili waishi bila mateso. Anayepewa dawa hii Riyadh au Jeddah hupewa kwa sababu hiyo hiyo.

2. Kwa nini ndoto hubadilika

Usingizi wa mtu mzima huenda kwa mizunguko, na kila mzunguko huchukua takriban dakika 90. Ndani yake mna usingizi mwepesi, usingizi mzito, na usingizi ambao macho huchezacheza chini ya kope huku misuli ya mwili ikiwa imelegea. Usingizi huu wa mwisho ulielezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1953, na ndio wenye ndoto nyingi zilizo wazi kuliko nyingine. Huongezeka kadiri alfajiri inavyokaribia.

Dawa za jamii ya afyuni huuvuruga mpangilio huu. Hupunguza usingizi mzito na usingizi wa ndoto, na humfanya mgonjwa azindukane mara nyingi. Mtu anayezindukana katikati ya ndoto huikumbuka kwa ukamilifu. Anayelala moja kwa moja husahau nyingi. Aidha, nguvu ya dawa inaposhuka kabla ya dozi inayofuata, au dawa inapopunguzwa, ubongo huelekea kulipiza usingizi wa ndoto ulioukosa. Hapo ndoto huja kwa wingi na kwa ukali. Kwa hiyo ndoto zinaweza kumsumbua mgonjwa mwanzoni mwa dawa, dozi inapoongezwa, na pia anapoiacha.

Dawa huwa na wasaidizi. Maumivu yenyewe humkatiza mtu usingizi. Homa, upungufu wa maji mwilini, dawa za ganzi na za usingizi zilizotumika katika upasuaji, wasiwasi wa kupoteza kazi, na kulala katika chumba cha watu wengi wanaoingia na kutoka kwa zamu, vyote huongeza ndoto mbaya. Zipo pia dawa nyingine zinazojulikana kwa kuleta ndoto za ajabu, kama vile propranololi ya moyo na shinikizo la damu, meflokwini ya malaria, na baadhi ya dawa za sonona. Daktari anahitaji kujua zote anazotumia mgonjwa.

Miili nayo haifanani. Ini huibadili kodeini kuwa mofini, na tramadoli kuwa kemikali yenye nguvu kuliko tramadoli yenyewe. Kuna watu ambao ini lao hufanya kazi hiyo kwa kasi mno, kwa hiyo dozi ya kawaida huwa kubwa kwao. Watu wa namna hii ni wengi zaidi Ethiopia na Bara Arabu kuliko Ulaya ya Kaskazini. Ikiwa dozi ya kwanza au ya pili ya kodeini au tramadoli imemlevya mtu kupita kiasi, daktari na aambiwe kabla ya dozi inayofuata.

3. Ndoto, jinamizi, maruweruwe na kuchanganyikiwa

Maneno haya manne yasichanganywe, kwa sababu kila moja humpeleka daktari upande wake.

Ndoto kali ni ile inayokoma mtu anapoamka. Mgonjwa hukaa kitandani, hujua yuko wapi, humtambua aliye naye, na hofu humtoka baada ya muda mfupi.

Jinamizi ni hali ya kuzinduka huku mwili ukiwa bado umefungwa na usingizi. Mtu huhisi amekaliwa kifuani, hutaka kupiga kelele asiweze, na pengine huona kivuli chumbani. Hali hii hutokea pale akili inapoamka kabla misuli haijaachiwa. Hupita baada ya sekunde kadhaa au dakika chache, na huwapata hata watu wasiotumia dawa yoyote, hasa waliokosa usingizi wa kutosha.

Maruweruwe ni kuona, kusikia au kuhisi kisichokuwapo huku mtu yu macho: wadudu ukutani, sauti ya mtu aliye mbali, mtoto mlangoni. Mgonjwa na apelekewe daktari taarifa siku hiyo hiyo.

Kuchanganyikiwa ni kupotewa na mahali na wakati. Mgonjwa huweweseka akiwa macho, hajui kama ni mchana au usiku, humkataa mwanawe, au hung'oa mpira wa dawa mkononi. Wazee huwa katika hatari zaidi, pamoja na wenye maradhi ya figo au ini. Mofini huacha mabaki ambayo figo ndizo huyatoa. Figo zikiwa dhaifu, mabaki hayo hujikusanya, na mgonjwa huanza kushtukashtuka misuli na kuona maruweruwe. Kuchanganyikiwa kunakoanza ghafla ni jambo la hospitali, si la kusubiri asubuhi.

4. Dawa na imani

Familia nyingi zitauliza kama ndoto hizi zina maana. Katika mafundisho ya Kiislamu ndoto zimegawanywa mafungu matatu: bishara njema itokayo kwa Mwenyezi Mungu, ndoto ya kuhuzunisha itokayo kwa shetani, na ile inayotokana na mambo yanayomshughulisha mtu nafsini mwake. Elimu ya kufasiri ndoto imenasibishwa tangu zamani na Ibn Sirin wa Basra, aliyefariki mwaka 110 Hijria, na aliyesifika kwa uangalifu wake katika jambo hilo.

Anayeamka kwa ndoto mbaya amefundishwa kujikinga kwa Mwenyezi Mungu, kugeuka ubavu wa pili, na kutoitangaza ndoto hiyo kwa watu. Mafundisho haya hayapingani na tiba. Kugeuka ubavu humsaidia mtu kutoka katika usingizi uleule, na dua huutuliza moyo. Kumweleza daktari kwamba ndoto zimeanza baada ya dawa ni kueleza dalili ya maradhi, kama anavyoeleza kichefuchefu au muwasho. Daktari hahitaji kusimuliwa yaliyoonekana ndotoni. Anahitaji kujua zilianza lini, huja mara ngapi, na baada ya dozi gani.

Kisomo na ruqya vinaweza kuendelea pamoja na dawa. Yasiyofaa ni matatu: kusimamisha dawa ya hospitali ili kupisha kisomo, kumfunga au kumpiga mgonjwa anayeweweseka, na kumnywesha mitishamba isiyojulikana. Kungumanga kwa wingi huleta maruweruwe kwa yenyewe. Mirungi huharibu usingizi, na imepigwa marufuku nchini Saudi Arabia.

5. Mfano wa kujifunzia

Chukuliwe mfano wa mama mtu mzima anayeishi Jeddah na mwanawe. Amefanyiwa upasuaji wa goti na kupewa tramadoli kwa wiki mbili. Usiku wa tatu anaota nyumba yao ya Pemba imejaa maji na watoto wanaelea. Anaamka akilia. Usiku wa nne inakuja ndoto ile ile.

Wifi yake anamwambia, "Wifi, dawa hii inakuchezea kichwa. Iache leo leo." Mwanawe anasema, "Mama, nitakuletea kidonge cha usingizi, rafiki yangu anacho." Mama mwenyewe anaazimia kukesha, asilale kabisa.

Shauri zote tatu zimetoka katika mapenzi, na zote tatu zina hatari. Akiiacha dawa, maumivu yatarudi, hatafanya mazoezi ya goti, na damu inaweza kuganda mguuni. Akichanganya tramadoli na kidonge cha usingizi, pumzi yake inaweza kupungua usiku hadi ikakoma. Akikesha siku tatu, akili itachoka, na ndoto zitakuja na nguvu zaidi atakapolala.

Njia iliyo salama ni fupi. Mwanawe anachukua makasha yote ya dawa yaliyomo nyumbani na kumpelekea mfamasia. Mfamasia anagundua kwamba mama anakunywa pia dawa ya mafua yenye kuleta usingizi, ambayo hakuna aliyeihesabu kuwa ni dawa. Anamshauri aiache hiyo, na kumpigia simu daktari aliyefanya upasuaji. Daktari anapunguza dozi ya usiku ya tramadoli na kuongeza parasetamoli kwa saa maalumu. Baada ya siku chache mama bado anaota, lakini analala na anaamka akijua yuko wapi.

6. Mambo ya kufanya nyumbani

Mgonjwa au anayemtunza na awe na daftari la usiku. Kila siku aandike mambo manne: saa ya kila dozi, saa ya kulala, saa aliyoamka kwa ndoto, na kiasi cha maumivu kwa namba kati ya 0 na 10. Daftari la siku nne au tano humwonyesha daktari kama ndoto huja dawa inapopanda au inapoisha nguvu. Hali hizo mbili hutibiwa kwa njia tofauti.

Chumba na kiwe na taa ndogo, ili anayeamka atambue alipo mara moja. Simu na televisheni zizimwe mapema. Kahawa na chai kali zikome alasiri, hata katika nyumba ambamo gahawa huandaliwa usiku kwa wageni. Mgonjwa anapoweweseka, aitwe kwa jina lake kwa sauti ya upole na aambiwe yuko wapi. Asitikiswe kwa nguvu. Anapoamka, aketi kwanza kabla ya kusimama, kwa kuwa dawa hizi huleta kizunguzungu, na kuanguka baada ya upasuaji ni balaa jipya.

Dozi isibadilishwe bila ushauri. Vidonge vinavyotoa dawa polepole visivunjwe, visisagwe wala visitafunwe: dawa ya saa 12 humwagika mwilini kwa mara moja na inaweza kuua. Kwa tramadoli, kiasi cha juu kwa mtu mzima mwenye afya ya kawaida ni miligramu 400 kwa siku. Kuzidisha kunaweza kuleta degedege. Wazee na wenye maradhi ya figo au ini hupewa pungufu ya hapo.

Dawa ifungiwe kabatini. Asipewe mtu mwingine hata kidonge kimoja, hata akilia kwa maumivu ya jino. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba kodeini na tramadoli zisitumiwe na watoto wa chini ya miaka 12, na kwamba mama anayenyonyesha asizitumie, kwa sababu dawa huingia katika maziwa. Mama anayenyonyesha na amweleze daktari kabla ya kupokea cheti cha dawa.

Dereva wa nyumbani, fundi wa juu ya majukwaa, na anayepika kwa mafuta ya moto wasirudi kazini wakiwa bado wanasinzia kwa dawa. Cheti cha mapumziko kutoka kwa daktari ni haki ya kuombwa, na kiombwe mapema.

7. Joto na Ramadhani

Riyadh ina joto kavu, Jeddah ina joto la unyevu, na yote mawili humkausha mtu. Mwili uliokauka huzielemea figo, na figo zilizoelemewa huchelewa kutoa dawa. Mgonjwa na anywe maji kwa kiasi alichoruhusiwa na daktari. Anayetumia fentanili ya kubandika ngozini asikae juani, asiweke chupa ya maji ya moto juu yake, wala asiingie katika maji ya moto sana. Joto, ikiwemo homa kali, huifanya dawa ipenye ngozini kwa wingi kuliko ilivyokusudiwa.

Katika mwezi wa Ramadhani usiku hugeuka kuwa mchana: watu hulala baada ya daku au baada ya alfajiri, na usingizi hukatika vipande. Mgonjwa anayejaribu kubana dozi zake zote kati ya futari na daku hujiletea wingi wa dawa usiku na upungufu wake mchana, na ndoto huzidi pande zote mbili. Sheria imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Mwenye shauku ya kufunga na azungumze na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, kwani pengine ipo dawa inayoweza kupangwa kwa mara mbili kwa siku.

8. Dalili za hatari

Familia isisubiri asubuhi ikiona mojawapo ya haya:

Mgonjwa haamki anapoitwa na kutikiswa, au huamka na kuzama tena usingizini hapo hapo.

Pumzi ni chache au zina mapengo. Zihesabiwe kwa dakika nzima. Zikiwa chini ya 10, ni hatari.

Anakoroma kwa sauti ya kugugumia kama mwenye maji kooni, naye hakuwa na kawaida hiyo.

Midomo, fizi au kucha zimegeuka rangi ya kijivu au samawati. Kwa mtu mweusi, fizi na viganja huonyesha zaidi kuliko uso.

Mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano.

Ana degedege, au anatetemeka, anatoka jasho jingi na moyo unamwenda mbio, hasa akitumia tramadoli pamoja na dawa za sonona.

Anasema anataka kujidhuru, au sauti zinamwamuru afanye hivyo.

Gari la wagonjwa la Hilali Nyekundu ya Saudi Arabia huitwa kwa namba 997. Riyadh na Jeddah namba ya dharura ya 911 nayo hufanya kazi. Wakati wa kusubiri, mgonjwa anayepumua alazwe ubavu, kichwa kikiwa kimeinama nyuma kidogo. Asipewe chakula, kahawa wala maziwa, wala asiogeshwe maji baridi. Makasha ya dawa yaende naye. Wahudumu wana dawa iitwayo naloksoni, inayozuia nguvu ya afyuni. Kadiri wanavyojua mapema alichokunywa mgonjwa, ndivyo wanavyoitumia mapema. Kwa ushauri usio wa dharura, Wizara ya Afya hupokea simu kwa namba 937 saa zote.

9. Kuacha dawa kwa utaratibu

Mwili uliotumia dawa hizi kila siku kwa wiki kadhaa huzizoea. Zikikatwa ghafla, mtu hupiga miayo, hutokwa na machozi na kamasi, huharisha, hutetemeka, hukosa usingizi, na anaposinzia huota ndoto kali kuliko za mwanzo. Wengi hapo hudhani wamekuwa walevi. Kuzoea kwa mwili na uraibu ni mambo mawili. Mraibu hutafuta dawa kwa ajili ya dawa yenyewe, na huendelea hata inapomharibia maisha. Mgonjwa ambaye mwili wake umezoea huhitaji tu kushushwa ngazi kwa ngazi. Daktari hupanga ngazi hizo, na ndoto hutulia kadiri usingizi unavyorejea katika mpangilio wake.

Baadhi ya watu hubaki na ndoto mbaya muda mrefu baada ya dawa kwisha. Wapo waliopigwa, waliopotelewa na jamaa, au waliosafiri njia ya mateso, na dawa iliamsha tu yaliyokuwa yamelala. Hao na waombe kuonana na mtaalamu wa afya ya akili. Hilo ni tawi la tiba kama matawi mengine.

10. Sheria na safari

Nchini Saudi Arabia dawa hizi hudhibitiwa na sheria na hutolewa kwa cheti cha daktari tu. Anayeletewa tramadoli na msafiri kutoka nyumbani, au anayempa mwenzake vidonge vilivyobaki, anaweza kukamatwa kwa kosa la dawa za kulevya, na adhabu zake ni nzito. Pregabalini, inayotumika kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, nayo imo katika dawa zinazodhibitiwa. Anayeingia nchini na dawa yake mwenyewe anatakiwa aombe kibali kwa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Saudi Arabia kabla ya safari, abaki na kasha la asili, cheti na ripoti ya daktari. Vidonge vilivyobaki baada ya kupona na aulizwe mfamasia namna ya kuvirudisha.

11. Maneno ya kumfikishia daktari

Kiswahili na Kiarabu vina maneno mengi yanayofanana, na kufanana huko huweza kupotosha. Mgonjwa anayesema "ruya" anaweza kueleweka kuwa anasimulia ndoto njema. Ndoto ya kutisha kwa Kiarabu ni "kabus", na nyingi ni "kawabis". Maruweruwe ni "halwasa". Kizunguzungu ni "daukha". Dawa ya kutuliza maumivu ni "musakkin". Daktari akiuliza kuhusu "imsak" hasemi imsaki ya Ramadhani. Anauliza kama choo kimefunga. Na "takhdir" ni ganzi au usingizi wa upasuaji. Asiogope mtu kwamba anatuhumiwa kwa "mukhaddirat", ambazo ni dawa za kulevya.

Mtoto asifanywe mkalimani wa mambo haya. Mgonjwa aombe mfasiri, au mtu mzima anayemwamini.

12. Maswali ya kujadiliwa na familia

Ni nani nyumbani anayejua dawa zote anazotumia mgonjwa, zikiwemo za mafua na za miti?

Makasha ya dawa yamewekwa wapi, na ni nani mwenye ufunguo?

Mgonjwa akiamka kwa hofu saa nane za usiku, ni nani atakayekwenda kwake, na atamwambia nini?

Kila mtu mzima nyumbani anaweza kuhesabu pumzi kwa dakika moja? Namba 997 imeandikwa mahali panapoonekana?

Majibu ya maswali haya na yapatikane mchana, wakati mgonjwa yu macho na anaweza kusema mwenyewe anachokitaka.